Majina Kushoto, Nguo Kulia

Watu wa Kigera wakimtaja Gaudensia siku hizi wanashusha sauti, utadhani wanamtaja mgonjwa asiyetakiwa kujua ugonjwa wake. Mimi sishushi. Nimekaa naye kibaraza kimoja miaka mingi, mimi na cherehani yangu nje, yeye na kompyuta yake ndani, na kama kuna mtu wa kumsimulia bila kumpaka matope wala kumpaka mafuta, ni mimi, Jabiri fundi. Anayetaka kusikia lawama tupu aende sokoni kwa wauza sato, huko atashiba.

Gaudensia si mtu wa ziwani. Alizaliwa Mugeta, kwa watu wa ng'ombe na mtama, akaolewa Butiama na mwalimu wa shule anayeitwa Apolinary. Mume huyo ndiye aliyemfundisha kompyuta, jioni jioni, kwa mashine kuukuu aliyouziwa na rafiki yake. Siku moja Apolinary akapanda pikipiki kwenda Bunda kufuatilia mambo yake ya kikazi, na lori likamkuta barabarani. Gaudensia aliitwa mochwari kumtambua. Mhudumu hakuuliza, hakumwandaa, alishika pembe ya shuka akalivuta lote mpaka miguuni.

Aliniambia habari hiyo mara moja tu, tukiwa tunasubiri umeme urudi. Alisema, "Kaka Jabiri, nilikaaga na yule mwanaume nikamjua sura yake yote. Akicheka, akiwa na hasira, akilala. Sasa nikifumba macho inakuja ile ya siku ile tu. Zingine zote zimefutika." Nilijifanya natafuta sindano.

Basi alihamia Musoma na ile kompyuta, akapanga chumba Kigera. Kazi yake ilikuwa ya watu wote wa namna yake: kuchapa barua za kuomba kazi, kutoa kopi, kutengeneza kadi za mchango wa harusi. Lakini alikuwa na penzi moja la ajabu. Ile Wedi ya zamani, programu ya kuandikia aliyoachiwa na mumewe, ilikuwa na uwezo wa kutengeneza ukurasa kama wa mtandao na kuugawa vipande viwili, na vipande hivyo yeye aliviita fremu. Kushoto unapanga majina. Kulia unaacha nafasi. Kila jina unalifunga na faili lake, nalo linageuka bluu na kupigwa mstari chini. Hiyo ndiyo linki. Ukibofya jina kule kushoto, faili lake linafunguka huku kulia, na majina yenyewe yanabaki palepale yakikungoja.

Aliwatengenezea wanakwaya ukurasa wa namna hiyo, ukibofya mwimbaji unapata picha yake na sauti anayoimba. Aliitengenezea shule ya chekechea matokeo ya watoto. Hakuna aliyemwomba. Vijana waliokuja kutoa kopi walimcheka, wakamwambia hayo ni mambo ya enzi za mababu, siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Mimi nilimwita Mama Fremu. Naye alikuwa na jibu lake tayari: "Wewe unayekanyaga cherehani kwa mguu karne hii ndiyo unicheke?" Tulikuwa tunacheka wote. Nayakumbuka hayo nikiona uchungu, kwa sababu hatujacheka tena hivyo.

Kisha mwaka mmoja mtumbwi mkubwa wa injini uliotoka visiwani ulipinduka ukiwa karibu kabisa na kufika. Ulikuwa umebeba wavuvi wanaorudi kwao, wachuuzi, na magunia ya dagaa juu ya watu. Siku zilizofuata ziwa lilikuwa linatoa maiti kidogo kidogo, na zilikuwa nyingi kuliko nafasi iliyokuwepo mjini, kwa hiyo kamati ya mwalo, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, ilifunga hema kubwa ufukweni. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Ephraim, mwenye mitumbwi, mtu wa sauti kubwa na haraka nyingi. Mimi niliitwa kukata sanda za Waislamu. Gaudensia hakuitwa na mtu. Alikuja na ndoo ya uji.

Utaratibu wa hema ulikuwa huu: mama anayetafuta mwanawe anapita kati ya safu, anafunua shuka moja baada ya jingine mpaka ampate wake. Mwanamke wa kwanza niliyemwona alifunua mashuka manne akaanguka. Watu waliokaa majini siku kadhaa hawatazamiki, na sitaeleza zaidi ya hapo. Gaudensia aliweka ndoo chini, akamfuata Ephraim.

"Mwenyekiti, wamama wasipitishwe humu. Tupige picha nguo tu. Nguo, viatu, vitu vya mfukoni. Mimi nitaweka kwenye kompyuta, mtu anabofya jina anaona nguo za mtu wake. Akizijua, mnampa namba ya maiti, mnamkabidhi."

Ephraim alikuwa amechoka kubeba waliozimia. Alikubali palepale.

Kompyuta tuliibeba kwa guta, ile baiskeli ya mizigo, mpaka darasa moja jirani na mwalo. Majina yalipatikana kwa vitambulisho vilivyokutwa mifukoni na kwa maneno ya waliopona, ambao waliwajua wenzao. Kila maiti alifungwa namba mguuni. Gaudensia alipanga majina kushoto, akatengeneza kurasa za kulia: picha ya shati, picha ya suruali, namba. Alikuwa na njia yake ya kwenda haraka. Ananakili mstari wa jina lililotangulia, anaubandika chini yake, anafuta jina la zamani na kuandika jipya, kisha anaingia ndani ya linki na kuielekeza kwenye faili la mtu mpya. Vidole vyake vilikuwa vinaruka tu.

Ephraim alitaka kila ukurasa wa kulia uandikwe jina juu, kwa herufi kubwa. Gaudensia alikataa.

"Kwetu Mugeta jina la marehemu haliwekwagi juu ya maiti kabla ndugu hawajalitamka wenyewe. Wao ndio waanze. Jina likae huku kushoto, kule ziwe nguo tu na namba."

Nilikuwepo, na nikamuunga mkono. Niliona ni adabu. Hata leo naona ilikuwa adabu, na ndiyo inayonikera.

Kazi ile ilifaa, lazima niseme. Wanawake waliingia darasani, wakaketi kwenye dawati, wakaona shati la mume au kaptura ya mtoto, wakalia wakiwa wamekaa na kuna mtu wa kuwashika. Hakuna tena aliyefunuliwa shuka usoni. Marieta wa hapa Kigera aliketi kando ya Gaudensia picha zikipangwa, akautambua mkanda wa mume wake, akauangukia uso wa kompyuta kwa kilio, na Gaudensia aliacha kazi katikati akamkumbatia mpaka alipotulia. Siku ile nilimwona Gaudensia ana amani ambayo sijawahi kumwona nayo. Alikuwa anawapa wenzake kitu alichonyimwa yeye.

Kisha akaja Eufrasia kutoka Nyegina. Mama wa makamo ya juu, mjane, amefuatana na mkwe wake Stanislausi. Mwanawe Revocatus alikuwa mvuvi wa dagaa visiwani, na alikuwa hajarudi nyumbani zaidi ya mwaka. Gaudensia wakati huo alikuwa hemani anapiga picha za waliofikishwa asubuhi, kwa hiyo Ephraim alikaa kwenye kompyuta mwenyewe. Mimi nilikuwa mlangoni na mkasi wangu.

Eufrasia hasomi. Ephraim aliita, "Revocatus, Nyegina," akabofya jina. Kulia likatokea shati la mistari, suruali nyeusi na kandambili moja.

Mama aliinama karibu na kioo. "Nguo hizi mimi sizijui."

"Mama, kule visiwani wanabadilishanaga nguo. Anayeoga anavaa ya mwenzake. Jina si lake?"

"Jina ni lake."

"Basi. Mashine haina ndugu wala jamaa, imeonyesha ilichowekewa."

Eufrasia alimtazama mkwe wake, mkwe akatazama chini. Mama akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu anayepewa mzigo asioweza kuukataa. Wakapewa namba, wakapewa sanduku, wakaondoka kwa pikapu ya jirani yao.

Hapo kuna jambo ambalo Gaudensia hakulijua, na angelijuaje, mtu wa Mugeta? Kijijini kwa Eufrasia, aliyekufa majini haingizwi ndani ya nyumba na sanduku lake halifunguliwi. Anazikwa upande wa kiwanja unaotazama ziwa, wanafukia, wanaondoka bila kugeuka. Kwao Gaudensia kila maiti anafunuliwa uso nyumbani, katikati ya ndugu, mama amwone, awe ameharibika kiasi gani. Yeye alikuwa na hakika kwamba hata kompyuta ikikosea, nyumbani hawatakosea. Kumbe kule Nyegina wote walikuwa na hakika kwamba kompyuta haikosei.

Waliobaki bila ndugu hawakuweza kungoja. Joto lilikuwa kali, bwana afya akaagiza, wakazikwa pamoja katika shimo moja kwenye makaburi ya mji. Hema likang'olewa, kompyuta ikarudi Kigera kwa guta lile lile, na kamati ikatangaza kwamba anayechelewa aende kwa Gaudensia akaangalie.

Aliyechelewa alikuwa Mwanaupe wa Bunda. Mwanawe Hamduni alikuwa mchuuzi, ananunua dagaa visiwani na kuuza Bunda, na nyumbani walidhani amevukia upande wa Mwanza kama afanyavyo mara nyingine. Simu yake ilipoendelea kuzima ndipo roho zao ziliporuka. Alikuja na binti yake Shamsia, amejitanda kanga, akanisalimu vizuri, akaniuliza ndipo hapa penye majina. Nikamwonyesha mlango. Nilikuwa natia zipu kwenye sketi ya shule.

Nilimsikia Gaudensia akisema, "Hamduni yupo hapa, mama. Pole. Niko hapa na wewe. Naomba nibofye?"

Kisha nikamsikia Mwanaupe. Hakupiga yowe. "Ndiye. Shati hilo nimelipiga pasi mimi siku anaondoka. Tazama kola, Shamsia. Ndiye. Inna lillahi."

Gaudensia alimpigia simu Ephraim, akamsomea namba, apate kuambiwa mtoto yuko shimoni na wenzake au wapi. Ephraim akasema kwa ile sauti yake iliyojaa chumba kizima kutoka kwenye spika ya simu: namba hiyo ilishachukuliwa. Imezikwa Nyegina. Ndiyo ya yule Revocatus.

Niliacha cherehani nikaingia ndani. Gaudensia alikuwa amekaa wima, mkono juu ya mausi. Akaupeleka mshale kushoto, chini ya Hamduni, kwenye jina la Revocatus. Akabofya. Kulia likabaki shati la mistari, suruali nyeusi na kandambili moja. Akabofya Hamduni. Shati la mistari. Akabofya tena Revocatus. Nilitaka kumshika mkono aache.

Akafungua folda ya mafaili. Faili la Revocatus lilikuwemo, limetengenezwa vizuri, lina picha zote na namba yake. Ila hakuna jina hata moja lililokuwa linaelekea kwake. Alikuwa amenakili mstari wa Hamduni, akafuta jina, akaandika Revocatus, na kabla hajaingia kuielekeza linki upya, Marieta aliuona mkanda wa mumewe. Alipomaliza kumbembeleza Marieta alirudi akakuta jina ni la bluu na lina mstari chini, sawasawa na mengine yote. Akahifadhi, akaendelea na jina lingine.

"Nimemzika mtoto wa mtu," alisema. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Mwanaupe hakuelewa mambo ya linki, na sioni kwa nini angetakiwa kuelewa. Alielewa kwamba mwanawe yuko Nyegina, kwenye kiwanja cha Wakristo. Akanigeukia mimi, nadhani kwa sababu ya kofia yangu.

"Baba, alioshwa?"

"Hapana, mama."

"Aliswaliwa?"

"Hapana."

"Wamemlaza anatazama wapi?"

Mimi nimekata sanda kwa mikono hii tangu ujana wangu, na nimezika watu wangu mwenyewe. Nilitoka nje nikasimama kibarazani nikilia mbele ya wapita njia, na wala sikujali.

Ephraim alifika mwenyewe baada ya muda, jasho linamtiririka. Alituita pembeni, mimi na Gaudensia, akasema kwa kunong'ona jambo ambalo bado sijamsamehe.

"Mwambieni mama mtoto wake yuko kwenye shimo la pamoja. Atamwombea dua, ataondoka. Yule wa Nyegina keshalia, keshanyoa, mambo yameisha. Mkianza kufukua hapa mtafukua wangapi? Mtawaua wale wamama mara ya pili."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kwa kifupi nilimkumbusha ni nani aliyebofya, na ni nani aliyemwambia mama asiyezijua nguo kwamba wanabadilishanaga. Nilitaka Gaudensia naye amkabili, ajitetee. Hakutaka.

"Yeye alibofya tu, kaka Jabiri. Njia niliitengeneza mimi. Niliambiwa niandike majina juu nikakataa. Angeandikwa jina, wangeona halilingani."

"Ulikataa kwa heshima!"

"Heshima hiyo imemlaza mtoto wa Mwanaupe mahali pasipo pake. Nitaenda Nyegina."

Ephraim alimwambia akienda, aende peke yake, kamati haimjui. Hakwenda peke yake. Tulikwenda naye mimi, Mwanaupe na Shamsia.

Kiwanja cha Eufrasia kiko mteremkoni, ziwa linaonekana lote chini yake. Kaburi lilikuwa bado bichi, lina msalaba wa mbao na jina limechomwa kwa chuma cha moto. Mwanaupe alilitazama kwa mbali akakaa chini kwenye majani. Gaudensia alipiga magoti mbele ya Eufrasia aliyekuwa anachambua maharage, akamweleza, polepole, tangu mwanzo, bila kumtaja Ephraim hata mara moja. Eufrasia aliendelea kuchambua. Kisha mikono ikasimama.

"Kwa hiyo nilikuwa namlilia nani?"

Aliyemjibu alikuwa Mwanaupe, kutoka kule kwenye majani. "Hamduni, dada yangu. Ulimlilia Hamduni wakati mimi sipo. Mungu akulipe. Lakini nimekuja kumchukua."

Eufrasia hakumtazama. Alikuwa anamtazama Gaudensia. "Na wangu yuko wapi?"

Akaambiwa. Aliuliza tena, kana kwamba amesikia vibaya, akaambiwa tena.

Kibali cha kufukua kilichukua siku kadhaa. Siku kilipotoka, walikuja polisi na bwana afya, na vijana wa msikiti kutoka Bunda, na majirani wa Nyegina walisimama mbali wameziba midomo. Hamduni alitolewa. Nilikuwa nimemkatia sanda mwenyewe, tukafanya kile kilichowezekana kufanyika kwa mwili wa namna ile, tukamswalia palepale mteremkoni, naye akapelekwa Bunda kwa mama yake. Mwanaupe alipopita mbele ya Eufrasia alisimama. Walishikana mikono tu. Hakuna aliyejua adabu ya jambo lile ni ipi, maana halijawahi kutokea.

Eufrasia alikwenda mjini na Stanislausi kuomba lile shimo la pamoja lifunguliwe. Watu wa afya walimsikiliza kwa upole. Walimwambia miili imelala pamoja, imeshaharibika, sheria ya afya hairuhusu, na hata ikiruhusiwa hakuna atakayemjua yupi ni yupi. Alirudi Nyegina jioni ile. Hakula.

Sasa pale kiwanjani likabaki shimo. Wazee wa ukoo walikuja na mgomba, kwa maana desturi yao ni kwamba asiyepatikana majini anazikiwa mgomba, kaburi lisilale na njaa. Eufrasia aliwazuia mlangoni.

"Mlinipa mtu asiye wangu, nikamzika. Sasa mnaniletea mgomba? Kesho mtaniletea nini, jiwe?"

"Mama Revo, kaburi haliachwagi wazi. Litaita."

"Liite. Limebakiza nani wa kuita hapa?"

Wazee waliondoka na mgomba wao. Shimo likakaa wazi. Stanislausi alilizungushia miiba ili mbuzi wasitumbukie, na majirani wakaanza kupita njia ya juu.

Huku Kigera habari zilikuwa zimeshazagaa, na kama kawaida ya habari, zilifika zikiwa zimevimba. Wengine walisema Gaudensia alikuwa anagawa maiti kwa anayemtaka. Wateja walipungua mpaka wakabaki wale wasio na habari. Mchana kutwa alikaa kwenye kompyuta, na mimi nilidhani amepata kazi, kumbe alikuwa anafungua zile kurasa zake zote za zamani, za kwaya, za chekechea, anabofya jina moja moja kuhakikisha kila linki inamfikisha mwenyewe. Alipofika mwisho alianza upya. Nilimgombeza. Nilimwambia kosa limetokea mara moja, kwa sababu alikuwa anamshika mwanamke mwenzake asianguke, na Mungu anajua. Alinijibu, "Mungu anajua, kaka. Eufrasia je?"

Ndipo siku moja Stanislausi alipokuja kibarazani.

"Dada, mama anakuita. Anasema anataka kuona. Ile ambayo hakuonyeshwa."

Gaudensia alichapa ule ukurasa wa Revocatus kwa rangi, wino wote uliobaki kwenye printa ukaishia hapo. Aliutia kwenye bahasha ya kaki. Akaniomba niende naye.

Tulimkuta Eufrasia ameketi karibu na shimo, ndani ya ule uzio wa miiba, kwenye kigoda. Alipokea bahasha kwa mikono miwili. Akatoa karatasi, akaiweka mapajani.

Zilikuwa fulana nyekundu iliyopauka, na suruali ya kijivu yenye kiraka gotini. Kiraka cha kitenge, kimeshonwa kwa mkono, na mimi niliye fundi nilikiona mara moja kwamba hakikushonwa na fundi.

Eufrasia aliweka kidole juu ya kile kiraka, akakiacha hapo.

"Hiki nimekishona mimi. Kitenge cha gauni langu. Alikuja mara ya mwisho suruali imechanika, nikamwambia vua. Akakaa na taulo pale jikoni ananiharakisha, mama, mama, mtumbwi unaniacha." Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Ningemjua. Nisingeuliza hata jina. Ungenionyesha hii tu, mwanangu. Hii tu."

Gaudensia alikuwa analia kwa sauti. Alisema nisamehe, akasema tena, na tena, mpaka maneno yakawa hayasikiki. Eufrasia hakusema nimekusamehe na hakusema sikusamehe. Aliikunja karatasi, akaitia kifuani ndani ya gauni, akaamka. Akatoa miiba mmoja mmoja akaitupa kando. Akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa kwenye lundo la udongo, akaanza kufukia, shimo tupu, bila mgomba, bila kitu, udongo unaanguka chini kwa kishindo.

Stanislausi alitaka kusogea, nikamzuia. Gaudensia aliinuka, akafuta uso kwa kiganja, akaenda kushika mpini wa jembe ampokee.

Eufrasia hakuuachia. "Acha, mwanangu," alisema. "Wewe ulishanisaidia."